Mwenendo Nje ya Uwanja
Katika mpira wa Kimarekani timu huteua vijana wa vyuo kwa zamu kila mwaka. Mwaka 1996 St. Louis Rams ilimteua Lawrence Phillips, nafasi ya 6, ingawa alikwisha kushtakiwa kwa kumpiga mwanamke. Mwaka 1997 ikamwacha, kwa utovu wa nidhamu. Mwaka 2016 Laremy Tunsil, baada ya kuonekana katika picha za video akivuta bangi, alishuka hadi nafasi ya 13. Baadaye akawa mchezaji hodari.

Yote mawili ni makosa, lakini hayalingani. La pili hurekebishwa kwa nidhamu. La kwanza huhatarisha wenziwe. Mwenye kuteua, awe wa timu au wa jeshi, hana budi kupima kosa lenyewe, si kelele zake.