Majina ya Majumba na Ubishi wa Majengo Mapya Mjini Unguja

Jengo jipya likisimama katikati ya mji mdogo halikosi kusemwa. Kijijini, tuseme Lundo au Liuli katika mwambao wa Ziwa Nyasa, sehemu iliyokuwa ya Wilaya ya Mbinga kabla ya kugawanywa, mtu aweza kuinua nyumba ya namna asiyoijua jirani yake, nayo maneno yake yakaisha upesi, kwa kuwa uwanja ni mpana na hapana azibiwaye upepo. Mji Mkongwe wa Unguja hauna nafasi hiyo. Huko kuta zagusana, vichochoro ni vyembamba, na upande wa bahari ni mmoja tu. Kwa hiyo kila ghorofa iongezwayo yamhusu mtu mwingine. Makala hii yakusudia kuutazama ubishi huo kwa njia ya lugha, yaani kwa majina waliyopewa majumba na kwa maneno yatumiwayo na wabishi wenyewe.

Tuanze na jina lililo la ajabu kuliko yote, Mambo Msiige. Nyumba hiyo ya Shangani yasemekana ilijengwa kati ya 1847 na 1850 na Mwarabu tajiri, Salim bin Harith, na chokaa yake, kama wasimuliavyo watu, ilichanganywa na mayai mengi mno. Baadaye ilikaliwa na wamisionari wa U.M.C.A., ikawa ubalozi wa Waingereza tangu 1874 hata 1913, kisha hospitali ya Wazungu na ofisi za serikali. Mwanafunzi wa sarufi ataona ya kuwa jina hili lina upungufu: yambwa ikitangulia kitenzi twatazamia "mambo msiyaige". Wako watakaosema kwamba kiambishi kimeachwa kwa ufupi tu, kama ilivyo desturi ya majina. Kwa maoni yangu yafaa zaidi kulisoma jina kama kauli mbili: "Haya ndiyo mambo, nanyi msiige." Likisomwa hivyo, si maelezo ya nyumba bali ni neno la mwenye nyumba kwa jirani zake, tena neno la majivuno. Ubishi wa ujenzi umo ndani ya jina lenyewe, na hapo hata karne ya ishirini ilikuwa bado.

Beit al-Ajaib, yaani Nyumba ya Maajabu, ilijengwa na Sultani Barghash mwaka 1883. Nyumba za mawe za Unguja zilikuwa na kipimo chake, kwa kuwa upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti za mikoko. Chumba kikawa chembamba na kirefu. Barghash alivunja kipimo hicho kwa nguzo za chuma na veranda pana zilizozunguka jumba lote, na baadaye zikaja taa za umeme na lifti. Hapakuwa na jengo lililokuwa geni kuliko hilo. Leo ndilo litajwalo kwanza mtu atakapo kuonyesha Unguja ya asili.

Kanisa la Mkunazini nalo ni mfano mzuri, tena lawahusu wasomaji wetu kwa kuwa mjenzi wake, Askofu Edward Steere, ndiye aliyetoa kitabu cha sarufi ya Kiswahili mwaka 1870. Jiwe la msingi liliwekwa Krismasi ya 1873, mahali palipokuwa soko la watumwa. Steere alitaka dari ya mviringo kama pipa lililopasuliwa, ya matumbawe na saruji, bila boriti hata moja. Watu walikuwa na yakini kwamba miti ya kuitegemeza ikiondolewa, dari itaanguka. Miti iliondolewa, na dari ingali juu. (Misheni hiyohiyo ndiyo iliyojenga kanisa kuu la Likoma, katika Ziwa Nyasa, kati ya 1903 na 1911, huko jengo ni kubwa mno kwa kisiwa chenyewe, lakini hapakuwa na mji wa kuzibiwa.)

Shaka juu ya dari ya Steere ilikuwa shaka ya ufundi: litasimama au litaanguka? Ubishi wa siku hizi ni wa namna nyingine. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Katika miaka iliyofuata Mambo Msiige ilitolewa iwe hoteli, ikaongezewa jengo jipya kando yake, na hoteli ikafunguliwa 2015. Waliopendelea walisema nyumba iliyokuwa ikichakaa imepata mtu wa kuitunza, na vijana wamepata kazi. Waliopinga walitaja urefu, ukubwa, na ufuko. Hata Kamati ya Urithi wa Dunia ilionyesha wasiwasi wake. Walakini jambo la kuchekesha kidogo ni kwamba jengo hilo jipya halikuthubutu kuwa jipya. Lilijitahidi kufanana na mji, likaiga jirani yake aliyekwisha kukataza kuigwa.

Hapa ndipo lugha ituponyokapo. Wapingao hupenda kusema "jengo geni", nao huenda wakawa na maana tatu: kwamba ni -pya, kwamba si la kwetu, au kwamba halituruhusu kupita. Ya kwanza si hatia, maana Beit al-Ajaib nayo ilikuwa mpya. Ya pili ni dhaifu katika mji uliochukua mlango kwa Wahindi, nguzo kwa Wazungu na baraza kwa Waarabu. Ya tatu ndiyo yenye uzito, nayo ndiyo isemwayo kwa nadra. Mvuvi aliyezoea kupweleza ngalawa yake mbele ya Shangani hana neno juu ya umbo la dirisha. Ana neno juu ya mchanga. Neno "urithi" likitumiwa kuficha dai hilo, mvuvi hushindwa mara mbili, kwanza na mwenye hoteli, kisha na mtetezi wake.

Tarehe 25 Desemba 2020, Beit al-Ajaib ilipokuwa katika kutengenezwa, sehemu yake kubwa iliporomoka na watu wawili wakafa. Tangu hapo imebidi kuuliza ni jumba lipi lirudishwe. Lile la 1883 lilikuwa na mnara wa taa mbele yake, uliobomolewa kwa mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896. Lile walilolijua watu wote walio hai lilikuwa na mnara wa saa, uliowekwa baada ya vita hivyo.