Kitabu cha Voynich Hakijasomwa

Hapana, akili mnemba haijakisoma kitabu cha Voynich, hati ya kale iliyoandikwa kwa herufi zisizojulikana. Swali hili huulizwa upya kila gazeti linapotangaza kwamba kompyuta imeyafumbua maandishi yale yaliyohifadhiwa Chuo Kikuu cha Yale, ambayo ngozi yake ilipimwa ikaonekana ni ya kati ya 1404 na 1438. Linalotajwa zaidi ni jaribio la wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Alberta, lililovuma 2018. Programu yao ilikisia kwamba lugha iliyofichwa ni Kiebrania, herufi za kila neno zikiwa zimepanguliwa na irabu zimeachwa. Zaidi ya asilimia 80 ya maneno yakapatikana kwenye kamusi. Wenyewe hawakudai kwamba wamekisoma kitabu. Waliodai ni waandishi wa habari. Tena asilimia hiyo haithibitishi kitu. Chukua k, t na b, utie irabu uzitakazo: kitabu, katiba, kutubu. Ukiruhusiwa na kupangua, utapata pia tabaka na batiki. Kwa uhuru wa namna hiyo, ajabu ingekuwa kuyakosa maneno ya kamusi. Kinachothibitisha ni ufunguo mmoja usiobadilika, unaotoa maana ukurasa baada ya ukurasa, hata ukitumiwa na mtu mwingine kabisa.

Utaniambia: mbona barua za siri za Mary, Malkia wa Waskoti, zilisomwa? Ni kweli. Mwaka 2023 George Lasry na wenzake wawili walitangaza kuzisoma barua zaidi ya 50, na kompyuta iliwasaidia sana. Lakini chini ya alama zile palikuwa na Kifaransa, lugha inayojulikana. Ufunguo ulishika barua hadi barua, na baadhi ya barua zilikutwa na nakala zake za wazi katika nyaraka za Uingereza. Hata katika hati zilizoungua za Herculaneum, mji wa kale wa Kirumi, akili mnemba ilichofanya ni kuuona wino; Kigiriki kilisomwa na wanaokijua.

Basi ukiwa na hati usiyoielewa, piga picha safi, hesabu alama tofauti, andika ilikotoka, kisha mtafute mtaalamu wa lugha ya mahali hapo. Usiipe programu ya gumzo ikutungie tafsiri, maana itatunga kweli. Na barua ya babu iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu huenda si fumbo hata kidogo, ni Kiswahili: mpelekee mzee anayeijua hati hiyo.