Nani Anachagua Picha?

Mwaka 1997, mpiga picha Lana Wong alianza kukutana na vijana 31 wa Mathare, Nairobi, wanachama wa MYSA, chama cha michezo cha vijana wa mtaa huo. Mwenzake katika kazi hiyo alikuwa Francis Kimanzi, kijana wa Mathare ambaye wapenzi wa soka walikuja kumjua baadaye kama kocha wa Harambee Stars, timu ya taifa ya Kenya. Kila kijana alipewa kamera rahisi ya plastiki. Mradi uliitwa Shootback. Kwa Kiswahili tungesema kujibu mapigo, na jina lingetukaa vizuri zaidi, maana sisi picha tunaipiga.

Kamera ile haikuwa na mengi. Lenzi yake haivuti. Ukitaka sura ijae, unasogea mwenyewe mpaka hatua mbili hivi kutoka kwa mtu. Mgeni mwenye lenzi ndefu hupiga akiwa barabarani, na anayepigwa hana habari. Mtoto wa nyumbani yumo jikoni kwa mama yake, yuko nyuma ya goli na wenzake. Ukaribu huo hauuzwi dukani, na ndio unaowavuta wasanii kwenye ushirikiano wa namna hii na watoto, hata kama kwenye maombi ya ufadhili wanaandika mengine.

Kisha kuna kungoja. Filamu ya picha 36 huoni hata moja mpaka isafishwe. Halafu picha zinatandazwa mezani na maswali yanaanza: hii uliipiga kwa nini? Kichwa kimekatika kwa bahati mbaya, au ulitaka? Vijana wa Mathare waliandika pia maelezo, na kitabu kilichotoka mwaka 1999 kinabeba picha pamoja na maneno yao.

Mpiga picha Wendy Ewald alikuwa ametangulia katika kazi ya aina hii. Katikati ya miaka ya 1970 alifundisha watoto wa Letcher County, kwenye vilima vya makaa ya mawe huko Kentucky, Marekani. Kamera hakuzigawa bure: aliwauzia kwa dola 10, nao wakahangaika kutafuta hela. Wapo watakaoona huo ni ukatili. Mimi naona aliwaheshimu. Filamu walizisafisha wenyewe kwenye chumba cha giza, na katika miradi ya baadaye aliwaachia watoto waandike na kukwaruza juu ya negativu. Mbinu yake imefika mpaka kwa walimu wa Arusha kupitia Chuo Kikuu cha Duke.

Ugumu huja kwenye uteuzi. Katika picha 36, mtoto atapenda ile ya rafiki yake aliyevaa viatu vipya. Msanii ataichukua ile ya mtaro na kamasi, kwa kuwa ndiyo inayoning'inizwa ukutani London. Msanii hajadanganya popote, ila sauti iliyosikika ni yake. Na mtoto aliyepigwa kwenye picha hiyo akifika miaka thelathini, anatafuta kazi, bado mtandaoni ni chokoraa.

Julius Mwelu alikuwa mmoja wa vijana wa Shootback. Akawa mpiga picha wa kazi, akaanzisha Mwelu Foundation, ya kuwafundisha watoto wa Mathare kamera na filamu. Mimi nikialikwa kwenye maonyesho ya aina hii, kabla ya kutazama ukuta huuliza picha zilizoachwa ziko wapi, na nani anazitunza.