Matamshi ya Maneno

Mara nyingi husikika watu wakibishana juu ya matamshi. Huyu humwambia mwenziwe, "Kiswahili chako si safi," na yule hujibu, "Ndivyo tusemavyo kwetu." Twaona yafaa tulieleze jambo hili, maana si kila tofauti ni kosa, wala si kila kosa ni dogo.

Kwanza, ziko tofauti za watu wa pwani wenyewe. Watu wa Unguja husema macho, njia na nchi. Katika Kimvita cha Mombasa ni mato, ndia na nti. Hapana aliyekosa hapo. Kila mmoja amerithi maneno ya wazee wake. Lakini vitabu vya shule vilihitaji namna moja ya kuandika. Basi katika mwaka 1928 ulifanyika mkutano Mombasa, na Kiunguja kikachaguliwa kiwe msingi wa Kiswahili cha kuandikwa. Na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ikaanza kazi yake. Hata hivyo, kuandika macho shuleni hakumkatazi mtoto wa Mombasa kusema mato nyumbani kwao.

Pili, ziko tofauti zitokazo katika lugha za bara. Kikuyu hakina sauti ya L, na Kimakonde hakina sauti ya R. Kwa hiyo ulimi uliozoea moja hupata taabu kwa ya pili. Vivyo hivyo sauti za dh, th na gh ziliingia pamoja na maneno ya Kiarabu, na wengi husema zambi kwa dhambi, selasini kwa thelathini, na luga kwa lugha. Huu si ujinga, ni mazoea ya ulimi.

Lakini yako maneno ambayo herufi moja hugeuza maana yote. Kalamu ni ya kuandikia, karamu ni ya kula. Thamani ya kitu si zamani. Na mzee akisema barazani, "Mahari ya binti yangu haijalipwa," naye akatamka mahali, karani asiyeangalia ataandika habari ya kiwanja, na haki ya mtu itapotea kwa herufi moja. Karani mwenye busara husikiliza maneno yanayofuata: mahali huwa "pa binti yangu", bali mahari huwa "ya binti yangu". Kisha humsomea mzee yaliyoandikwa kabla hajatia sahihi au dole gumba.

Nanyi walimu, twawasihi msiwacheke watoto. Mtoto aliyechekwa hufumba kinywa, na kinywa kilichofumbwa hakijifunzi. Mwandikieni ubaoni maneno mawili mawili, kalamu na karamu, hali na hari, ayasome kwa sauti kila siku mpaka sikio lizoee, ulimi utafuata.

Na sisi wakubwa, tusiposikia vema, tuulize tena. Kuuliza si ujinga.