SOMO LA SABA: KUPIMA SUKARI YA MWILI KAMA KATIKA MIZANI

Wenye vikundi wawe na daftari tayari, kwani mwishoni mna maswali.

Leo twazungumza na mtu aliyekwisha kuambiwa na daktari kuwa ana ugonjwa wa kisukari. Amerudi nyumbani na dawa mkononi na hofu moyoni. Jirani mmoja amwambia aache wali kabisa. Mwingine amwambia anywe mizizi na kutupa dawa za hospitali. Afanye nini?

Kwanza tufahamu jambo lenyewe. Ugali, wali, muhogo na ndizi, vikiisha kusagwa tumboni, hugeuka sukari na kuingia katika damu. Kiungo kiitwacho kongosho hutoa insulini, nayo huifungulia sukari njia ya kuingia katika misuli iwe nguvu. Kwa mwenye kisukari, insulini haitoshi au haifanyi kazi vizuri. Sukari hubaki katika damu, na ikikaa juu kwa miaka huharibu macho, figo na mishipa ya fahamu ya miguu.

Basi kuna mizani. Chakula huipandisha sukari. Kazi ya mwili na dawa huishusha. Kazi ya mgonjwa ni kuvilinganisha vitu hivyo vitatu kila siku.

Chakula: gawanya sahani. Nusu iwe mboga, kama mchicha au kabichi. Robo iwe ugali au wali. Robo iwe maharage, samaki au nyama. Dona ni bora kuliko sembe, lakini nayo hugeuka sukari, kwa hiyo isizidi robo. Soda, asali na chai ya sukari huipandisha upesi mno. Mgonjwa hana haja ya kupikiwa chungu chake peke yake. Chakula hiki chawafaa watu wote nyumbani.

Kazi: kutembea kwa haraka nusu saa, siku tano kwa juma, kwatosha kuwa mwanzo mwema.

Dawa: itumiwe kwa saa zilizoamriwa. Ukijiona mzima usiiache, kwani yawezekana dawa hiyo ndiyo iliyokupa uzima.

Sasa sikilizeni kwa makini. Tuseme mkulima amejipiga sindano ya insulini alfajiri, akaenda shamba bila kula, akalima mpaka saa tano. Dawa yashusha, jembe lashusha, na hakuna kinachopandisha. Sukari yake ikishuka chini ya milimoli 4 katika lita ya damu, atatetemeka, atatoka jasho, moyo utamwenda mbio, na maneno yatamchanganyika. Wapitao watadhani amelewa, nao wakimwacha aweza kufa. Vidonge vingine, kama glibenklamidi, vyaweza kuleta hatari hiyo hiyo.

Mpeni mara moja vijiko vitatu vidogo vya sukari, vilivyojaa, katika maji. Baada ya dakika 15, asipopata nafuu, mpeni tena. Kisha ale chakula. Lakini akiwa amezimia, msimtie kitu kinywani, kisije kikampalia. Mlazeni ubavu, mkampeleke hospitali upesi. Kwa sababu hiyo, atumiaye dawa hizo asitoke nyumbani bila sukari kidogo mfukoni. Aliyokatazwa mezani ndiyo itakayomwokoa njiani.

Mwenye kipimo cha kidole aandike hesabu zake katika daftari. Kabla ya kula, wengi hutakiwa kuwa kati ya 4 na 7. Lakini kila mmoja afuate kiasi alichopewa na daktari wake. Na kila jioni atazame nyayo zake, kwani mguu uliokufa ganzi hausikii mwiba.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:
1. Ni vitu gani viwili vinavyoishusha sukari?
2. Kwa nini dona nayo ipimwe?
3. Mkimkuta mwenye kisukari ametokwa na jasho na hasemi sawasawa, mtafanya nini? Na akizimia je?

Mwambieni jirani asiye na redio jibu la swali la tatu. Kwaherini mpaka juma lijalo.