Kisu cha chuma cha kaboni: huwasha moto penye mvua, huliwa na kutu penye uzembe

BATSINDA, Kigali – Mtanzania anayeingia dukani Kigali na kuulizia kisu atajibiwa kwa neno lisilo geni masikioni mwake: icyuma. Katika Kinyarwanda neno hilo hutaja kisu, na pia hutaja chuma chenyewe. Lakini si kila chuma kinafanya kazi moja. Mfanyabiashara asiyejua tofauti hununua mzigo unaong'aa, kisha wateja wakaurudisha.

Batsinda iko kaskazini mwa jiji, katika sekta ya Kinyinya, wilaya ya Gasabo. Mtaa huu ulijulikana zaidi kuanzia mwaka 2008, pale familia zilizohamishwa kutoka Kiyovu ya chini zilipopewa nyumba huko. Kama sehemu nyingine nyingi za Kigali, chakula bado kinapikwa kwa makaa juu ya imbabura, na kila asubuhi lazima kuni ndogo zichanjwe ili makaa yashike. Kazi hiyo ndiyo inayotenganisha kisu kizuri na kibaya.

Vyuma viwili, tabia mbili

Visu vingi madukani ni vya chuma kisichoshika kutu, ambacho wengi hukiita stenlesi. Ndani yake mna kromiamu isiyopungua asilimia 10.5, na hiyo ndiyo kinga yake dhidi ya maji. Kisu cha chuma cha kaboni hakina kinga hiyo. Nguvu yake hutokana na kaboni, ambayo kwa visu vizuri huwa kati ya asilimia 0.6 na 1. Kikichomwa na kuzamishwa vizuri na fundi, huwa kigumu, hushika makali, na hunoleka upesi hata kwa kinoo cha kawaida.

Wahunzi wengi wa Afrika Mashariki hufua visu na mapanga kutokana na springi za magari yaliyochakaa. Hawakosei, kwani springi hutengenezwa kwa chuma chenye kaboni ya kutosha kukomaa kwenye moto.

Ujuzi huo si mgeni katika eneo hili. Mwaka 1978 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery waliandika kwamba mafundi wa upande wa Kagera, ng'ambo tu ya mpaka wa Rusumo, walikuwa wakitoa chuma chenye kaboni katika matanuri yao zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Wazee wa Kihaya waliokumbuka kazi hiyo waliijenga tanuri upya mbele ya watafiti hao.

Jinsi ya kukitambua

Wengi hubeba sumaku sokoni. Sumaku haitoshi, kwa sababu visu vingi vya stenlesi navyo huvutwa nayo. Kipimo bora ni ndimu: dondosha tone moja kwenye bapa, subiri dakika kadhaa, kisha futa. Chuma cha kaboni hubaki na doa la kijivu. Stenlesi hubaki ilivyokuwa. Fundi mwenye mashine ya kunolea ana kipimo cha pili: chuma chenye kaboni nyingi hutoa cheche nyingi zinazopasuka-pasuka kama nyota.

Omba ruhusa ya mwenye duka kwanza, maana doa la ndimu halifutiki kwa kitambaa.

Kuwasha moto njiani

Msafiri aliyekwama usiku na mzigo wake, kiberiti kikiwa kimelowa, bado ana njia. Jiwe jeupe gumu la kwatzi, linaloonekana kwenye vilima vingi vya Rwanda, likipigwa kwa pembe yake kali dhidi ya mgongo wa kisu cha kaboni, hukwangua vipande vidogo mno vya chuma. Vipande hivyo hupata joto na kuungua hewani. Hizo ndizo cheche. Stenlesi haitoi cheche za kutegemewa kwa njia hii.

Cheche za jiwe ni hafifu. Zinahitaji kitu kinachoshika haraka, kama kitambaa cha pamba kilichochomwa ndani ya kopo lililofunikwa mpaka kikawa cheusi bila kuwa majivu. Kikishika kaa dogo, kiweke ndani ya fungu la majani makavu ya mgomba yaliyofikichwa, upulize polepole.

Njia rahisi zaidi ni kijiti cha kuwashia chenye chuma na seriamu, mchanganyiko uliovumbuliwa na Carl Auer von Welsbach wa Austria mwaka 1903. Hapa cheche hutoka kwenye kijiti, si kwenye kisu. Hivyo kisu chochote kitafaa, mradi mgongo wake uwe na kona kali. Usitumie makali, utayaharibu.

Mvua ikiwa imelowesha kila kitu, tafuta kuni nene. Weka makali juu ya kichwa cha kuni, gonga mgongo wa kisu kwa kipande cha gogo mpaka kuni ipasuke. Ndani ya mkaratasi uliokauka kabla ya mvua huwa hakujalowa. Chonga vibanzi vyembamba vinavyojikunja, kisha panga vijiti vya unene wa njiti ya kiberiti, halafu penseli, halafu kidole gumba. Moto hufa mara nyingi kwa sababu mwashaji ameruka ngazi moja. Ukishashika, endelea kupasua kuni na kuziweka karibu na moto zikauke kabla ya kuhitajika.

Karibu na mpaka, jambo moja halina mjadala: usiwashe moto jirani na foleni ya malori ya mafuta. Na kabla ya kuondoka, mwaga maji, koroga majivu, mwaga tena.

Kukitunza

Kisu cha kaboni hakilali kikiwa na maji. Ukikata nyanya, ndimu au nyama, kioshe, kikaushe, kipake mafuta kidogo. Baada ya muda bapa litapata utando wa kijivu; usiukwangue, unasaidia kukizuia kutu. Kutu nyekundu ndiyo ya kuondoa, kwa majivu laini na kitambaa chenye mafuta.

Usikitumie kuchokorea makaa. Bapa likigeuka rangi ya buluu kwa joto, ugumu umeshapungua, na kinoo hakiurudishi. Kwa kunoa, shika pembe ya takriban digrii 20, pande zote mbili kwa usawa, na umalizie kwenye mkanda wa ngozi.

Mpakani

Kwa mwenye kubeba mzigo, kosa la kwanza ni kufunga visu kwa nailoni. Nailoni hufungia unyevu ndani na mzigo hufika na kutu. Zaidi ya hayo, Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya ikafuata 2017 na Tanzania 2019. Karatasi iliyopakwa mafuta, ndani ya gunia au boksi, huokoa bidhaa na kumwepusha mwenye mali na matatizo.

La pili ni cheti. Cheti rahisi cha asili ya bidhaa cha Jumuiya ya Afrika Mashariki ni kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 za Marekani, tena ya bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya. Visu vilivyotoka Asia haviwi vya Rwanda kwa kupita tu Kigali. Kisu cha mhunzi wa hapa ni habari nyingine. Muulize afisa wa forodha kama kimo katika orodha kabla hujalipia mzigo.

La tatu ni busara. Katika nchi iliyoona mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, bapa lililo wazi mkononi mwa mgeni si jambo dogo. Visu vikae vimefungwa, chini ya basi, na vitajwe mapema kwa afisa. Anayetaja mzigo wake kwa uwazi hajipatii shaka, na bidhaa yake huvuka ikiwa bado na makali.