Dijei wa Video: Ununue Laptopu au Kompyuta ya Mezani?

Kuanzia Agosti hadi Desemba, wikendi za kaunti yetu hujaa harusi, sherehe za kulipa mahari, mahafali na matamasha ya vijana. Zamani dijei alihitaji nyimbo na spika tu. Siku hizi mwenye sherehe anataka na skrini pia, nyimbo zionekane zikichezwa, na picha za maharusi zipite katikati. Kazi hii imewapa vijana wengi riziki, na swali wanalokuja nalo wanapotafuta mtaji ni lile lile: ninunue laptopu au kompyuta ya mezani?

Swali hili si dogo. Mara nyingi pesa yenyewe ni ya chama, ya mzazi aliyeuza ng'ombe, au ya mkopo. Mashine isiyofaa haikurudishii kitu, lakini deni litalipwa tu. Kwa hivyo tueleze kazi yenyewe inavyoilemea mashine, kisha kila mtu apime mahali anapofanyia kazi.

Video ni mzigo mwingine kabisa

Dijei wa nyimbo anaweza kufanya kazi na kompyuta ya zamani na mteja asijue. Video haina huruma hiyo. Picha moja ya video ya kawaida ya 1080p ina vitone zaidi ya milioni mbili, na zinapita picha 25 au 30 kila sekunde. Unapobadilisha wimbo, video mbili zinafunguliwa kwa pamoja na kuchanganywa. Wakati huo huo mashine inachora ukurasa wako wa kazi kwenye skrini yako na kutuma picha safi kwenye projekta. Ikichoka, watu wote ukumbini wanaona: picha inakwama huku sauti ikiendelea, mwimbaji anafungua mdomo wakati neno limeshapita.

Habari njema ni kwamba kazi ya kufungua video haifanywi na prosesa peke yake. Grafiki za ndani za Intel, hata zile zisizo na kadi kubwa ya pembeni, zina sehemu maalum ya kufungua video za aina ya H.264, na programu kama VirtualDJ inaweza kuitumia. Kwa hivyo kwa video mbili za 1080p huhitaji mashine ya michezo ya bei ya pikipiki. Unahitaji prosesa ya miaka ya karibuni, RAM ya GB 16 (GB 8 inasukuma kwa shida), diski ya SSD, na mahali pa kuchomeka skrini ya pili kwa HDMI. Video za 4K ziache. Projekta nyingi za kukodi hazizionyeshi kwa ukubwa huo hata hivyo. Pia hifadhi nyimbo zako katika muundo wa H.264. Muundo mpya wa AV1 hufunguliwa na grafiki za Intel kuanzia kizazi cha 11 tu. Kwenye mashine ya zamani zaidi, mzigo wote unaiangukia prosesa.

Umeme ndio hakimu

Tukiweka laptopu na kompyuta ya mezani zenye nguvu sawa kwenye meza moja, kwenye sherehe ya kijijini swali litaamuliwa na umeme kuliko kitu kingine chochote.

Umeme ukipotea, spika na projekta zitazima kwa kila mtu. Tofauti inaanza jenereta inapowashwa. Mwenye laptopu mashine yake haikuzima, betri iliishika. Wimbo uko pale ulipokuwa, anabonyeza na kuendelea. Mwenye kompyuta ya mezani anaanza upya: mashine iwake, programu ifunguke, isome orodha ya nyimbo, itafute skrini ya pili. Hizo ni dakika kadhaa za kimya, na bi harusi yuko mlangoni. Isitoshe, mashine iliyozimwa ghafla ikiwa inaandika kwenye diski inaweza kuharibu faili.

Dawa yake ni UPS. UPS ndogo ya VA 650 inaweza kubeba kompyuta ya mezani isiyo na kadi kubwa ya grafiki, pamoja na skrini yake, kwa dakika chache, na hizo zinatosha kuwasha jenereta. Usiichomekee projekta wala amplifaya. Itazidiwa papo hapo. Halafu kuna jambo ambalo muuzaji huwa hasemi: jenereta ndogo za bei nafuu hazitoi umeme uliotulia kama ule wa laini, wenye volti 240 na mizunguko 50 kwa sekunde. Mzunguko wake unapopanda na kushuka, UPS nyingi za kawaida huona huo si umeme mzuri na kurudi kwenye betri tena na tena mpaka betri inaisha, jenereta ikiwa inanguruma pale nje. Laptopu haisumbuki sana na hilo, kwa sababu chaja yake hukubali umeme wa kati ya volti 100 na 240.

Laptopu nayo ina ugonjwa wake. Ukiichomeka kwenye chaja na wakati huo huo kwenye mikisa, spika zinaweza kutoa mvumo mzito. Jaribu kuchomoa chaja. Mvumo ukikatika, shida iko kwenye njia ya waya wa ardhi. Suluhisho ni kuchomeka laptopu, mikisa na amplifaya kwenye soketi moja, au kununua kifaa kidogo cha kutenganisha sauti kinachowekwa kati ya laptopu na mikisa. Kuna mafundi wanaokata pini ya ardhi kwenye plagi ili mvumo uishe. Usikubali. Pini hiyo ndiyo inayokukinga usirushwe na umeme ukishika mikisa umekanyaga nyasi zenye umande.

Joto, vumbi na besi

Hema la sherehe saa nane mchana ni tanuri. Laptopu nyembamba hupumua kwa tabu, na prosesa ikipata joto sana hujipunguzia kasi yenyewe isiungue. Ndipo video inapoanza kukwama saa ya pili ya kazi, ingawa dukani ilicheza vizuri. Inyanyue kwenye stendi, isikae juu ya kitambaa cha meza, na isipigwe na jua. Kompyuta ya mezani ina feni kubwa na nafasi ya hewa, hivyo hapa inashinda bila ubishi. Lakini ikibebwa kwa bodaboda kwenye barabara ya vumbi kila Jumamosi, RAM hulegea, kadi hucheza, na asubuhi unafungua mfuniko kutafuta kilichotoka mahali pake.

Kuhusu diski, hapa hatutaki mjadala: nunua SSD. Diski za zamani zina sahani inayozunguka, na mtikisiko unaisumbua. Mwaka 2022 Raymond Chen, mhandisi wa Microsoft, alisimulia jinsi kampuni moja ya kompyuta ilivyogundua kwamba video ya wimbo wa Janet Jackson, "Rhythm Nation", ilikuwa ikizima baadhi ya laptopu. Wimbo huo ulikuwa na mlio uliolingana na mtikisiko wa asili wa diski walizotumia. Hata laptopu iliyokaa karibu bila kucheza chochote ilizima. Sasa fikiria diski ya aina hiyo iliyowekwa mita moja kutoka kwa spika za besi. SSD haina kitu kinachozunguka. Wimbo mmoja wa dakika nne katika 1080p huchukua takriban MB 120 hadi 150, kwa hiyo SSD ya TB 1 inakutosha kwa nyimbo elfu kadhaa.

Nani anunue ipi?

Anayehamahama anunue laptopu. Sherehe za mashambani, mikutano ya hadhara, harusi za leo huku na kesho kule: betri na wepesi wa kubeba vinashinda faida zote za kompyuta ya mezani. Tunasema hivi tukijua kwamba kwa pesa zile zile laptopu itakuwa na nguvu kidogo kuliko mwenzake, na ikiharibika kioo au kibodi gharama ni kubwa. Katika laptopu nyingi nyembamba, RAM imechomelewa kwenye bodi; huwezi kuiongeza baadaye. Ulizia hilo kabla hujalipa. Pia laptopu huibiwa kwa urahisi. Andika nambari yake ya siri iliyo chini ya mashine, hifadhi risiti, na uwe na nakala ya nyimbo kwenye diski ya pili inayobaki nyumbani.

Kompyuta ya mezani ni ya asiyehama: ukumbi wenye dijei wake, hoteli yenye skrini za kudumu, au kijana anayetengeneza mikisi za video nyumbani na kuziuza kwa wenye matatu. Hapo mashine inakaa mahali pamoja, UPS inakaa chini ya meza, na kinachoharibika kinabadilishwa peke yake: usambazaji umeme umekufa, unanunua usambazaji umeme. Kuhifadhi mikisi ndefu ya video ni kazi inayoichosha prosesa kwa muda mrefu, na kompyuta ya mezani huivumilia vizuri zaidi.

Onyo moja kwa wanaopenda zile kompyuta ndogo za ofisi, kama Dell OptiPlex na HP EliteDesk nyembamba. Ni imara na zinapatikana kwa wingi, lakini kasha lake halipokei kadi ya grafiki ya ukubwa wa kawaida, na usambazaji umeme wake ni mdogo. Ukinunua ukitegemea kuongeza kadi kubwa kesho, kesho hiyo haitafika. Na unapolinganisha bei, jumlisha skrini, kibodi, kipanya na UPS. Wengi hulinganisha laptopu kamili na kasha tupu.

Ukienda sokoni

Wengi wetu tutanunua mashine iliyotumika, zile wauzaji wanaziita ex-UK. Hakuna aibu, ila kuna mambo ya kukagua. Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inahitaji prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 au zaidi, isipokuwa chache sana. Kwenye Core i5-8250U, tarakimu 8 baada ya mstari ndiyo kizazi. Ukiona i5-4300U, hiyo ni ya kizazi cha 4, hata kama muuzaji ameipaka rangi ikang'aa. Herufi U mwishoni ni ya prosesa inayotumia umeme kidogo. H ni ya yenye nguvu zaidi, inayokula betri na kutoa joto zaidi.

Betri ya laptopu usiipime kwa maneno. Fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, kisha fungua ripoti itakayotengenezwa. Linganisha uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa. Ikiwa imebaki chini ya nusu, dai punguzo la bei ya betri mpya au uondoke, kwa sababu betri ndiyo sababu kubwa ya wewe kununua laptopu.

Kisha fanya jaribio. Beba video zako kwenye flashi, omba skrini ya pili, cheza video mbili kwa pamoja kwa nusu saa na kuzibadilisha mara kwa mara. Muuzaji atakunja uso. Mwache akunje.

Kuhusu mkopo, tazama muda wa kulipa kabla ya riba. Mkopo wa mtu binafsi wa Hazina ya Hustler ulizinduliwa Novemba 2022 kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, lakini ulitakiwa kulipwa ndani ya siku 14. Mkopo wa wiki mbili unaweza kununua nyaya na adapta. Haufai kununulia mashine itakayojilipa kwa miezi. Kwa mashine, tafuta mkopo wa kikundi wenye muda mrefu, au akiba ya chama.

Mwisho, karatasi. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeipa kaunti majukumu ya burudani za umma, maonyesho ya video yakiwemo, pamoja na udhibiti wa kelele na leseni za biashara. Anayefanya udijei kama biashara anahitaji kibali cha biashara, na sherehe ya nje yenye spika kubwa inahitaji ruhusa mapema, si siku yenyewe. Haki za muziki ni suala jingine, linalosimamiwa na Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, si kaunti. Maswali kuhusu kibali yapelekwe kwa afisa wa biashara wa kaunti ndogo yako au kwa msimamizi wa wadi, ukiwa na kitambulisho na anwani ya mahali unapofanyia kazi. Asiye na ukumbi wa kudumu aulize ni wadi gani itakayomwandikisha.